Kikomo cha Ugunduzi na Gunia la Mahindi: Uhakiki wa Tafiti za Vihisi vya Polima kwa Upimaji wa Aflatoksini

Utangulizi

Makala haya yanahakiki mkondo mmoja wa utafiti wa kemia: utengenezaji wa vihisi vya polima vinavyokusudiwa kubaini aflatoksini katika nafaka. Hayahakiki tasnifu moja wala mtafiti mmoja. Kinachohakikiwa ni mazoea, yaani namna madai yanavyojengwa, namba zinazoteuliwa kuwa kipimo cha mafanikio, na yale ambayo kwa kawaida hayapimwi kabisa. Hoja yetu ni kwamba kikomo cha ugunduzi, ambacho ni kiasi kidogo kabisa cha sumu kinachoweza kutofautishwa na kutokuwapo kwake, kimepewa hadhi isiyokistahili. Na kwamba sifa iliyoifanya polima ichaguliwe tangu mwanzo, yaani ustahimilivu wake, ndiyo inayopimwa kwa uvivu kuliko zote.

Suala hili lina uzito nje ya maabara. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye aflatoksini na 125 kati yao wakafariki. Mwaka 2016 sumu hiyo hiyo iliua watu 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara nchini Tanzania. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, kisha siku chache baadaye ikaondoa zuio hilo kwa masharti, mojawapo likiwa kwamba kila shehena iwe na cheti cha kuonyesha kuwa aflatoksini haizidi mikrogramu 10 kwa kilo. Kwa hiyo, kipimo cha sumu hii huamua mlo wa kaya, na huamua pia kama lori litavuka mpaka au litageuzwa. Mtafiti anayeandika katika ukurasa wa kwanza wa tasnifu yake kwamba kihisi chake kitamsaidia mkulima amejitwisha deni, na mhakiki ana haki ya kuuliza kama deni hilo limelipwa kufikia ukurasa wa mwisho.

Polima yenye chapa na dai lake

Matumizi ya polima katika vihisi yana mizizi miwili inayohusika hapa. Mzizi wa kwanza ni polima zinazopitisha umeme. Mwaka 1977 Hideki Shirakawa, Alan MacDiarmid na Alan Heeger walionyesha kuwa poliasetileni iliyochanganywa na iodini hupitisha umeme kwa wingi, kazi iliyowapatia Tuzo ya Nobeli ya Kemia mwaka 2000. Tangu hapo polianilini na polipiroli zimekuwa malighafi ya kawaida katika maabara za vihisi. Mzizi wa pili ni chapa ya molekuli. Günter Wulff nchini Ujerumani mwaka 1972, na baadaye Klaus Mosbach na wenzake huko Lund, Uswidi, walijenga polima kuizunguka molekuli fulani, wakaiondoa molekuli hiyo, na kubaki na tundu lenye umbo lake. Mfinyanzi wa kalibu angeielewa mbinu hii bila kufafanuliwa. Mwaka 1993 kundi la Mosbach lilionyesha kwamba polima za namna hiyo zaweza kushika nafasi ya kingamwili katika kupima dawa za theofilini na diazepamu.

Dai lililozaliwa hapo ndilo linalorudiwa hadi leo. Kingamwili hutokana na viumbe hai, ni ghali, na huharibika kwa joto. Polima ni sugu, ni rahisi kutengeneza, na haihitaji jokofu. Kwa nchi ambayo ghala la kijiji halina umeme, dai hilo linavutia, nalo lina msingi.

Kwa aflatoksini B1, njia iliyozoeleka ni kuitumbukiza elektrodi ya kaboni au dhahabu katika myeyusho wenye monoma, mara nyingi ortho-fenilenidiamini, pamoja na sumu yenyewe kama kiolezo. Volteji hupandishwa na kushushwa kwa mizunguko kadhaa, na utando mwembamba wa polima hujengeka juu ya elektrodi ukiwa umezikumbatia molekuli za kiolezo. Utando huoshwa kwa kiyeyushi, violezo hutoka, matundu hubaki. Baadhi ya watafiti hutumia molekuli mbadala ya jamii ya kumarini kwa sababu aflatoksini ni ghali na husababisha saratani ya ini. Uamuzi huo unastahili sifa, maana pamoja na kulinda mikono ya mtafiti, unazuia kosa jingine: kiolezo kilichosalia ndani ya utando kikivuja wakati wa kipimo, hakihesabiwi kuwa ni sumu iliyotoka kwenye mahindi.

Lakini aflatoksini haitoi wala kupokea elektroni kwa urahisi katika volteji zinazofaa kwa kazi ya kila siku. Kwa sababu hiyo watafiti wengi huipima kwa mzunguko. Huongeza ferisianidi katika myeyusho, ambayo hupenya kwenye matundu na kutoa mkondo wa umeme. Aflatoksini ikiingia, matundu huziba, ferisianidi hukosa njia, na mkondo hupungua. Kiasi cha kupungua ndicho kinachosomwa kama kiasi cha sumu.

Hapa ndipo msomaji anapaswa kusimama. Kihisi cha namna hii hakiioni aflatoksini. Kinachoona ni kuziba. Chochote kinachotanda juu ya utando, kiwe mafuta, wanga au protini, kitaonekana kwa macho yake kama sumu. Tasnifu nyingi hulijibu tatizo hili kwa kutengeneza utando wa pili usio na chapa, kisha kuonyesha kwamba huo hauitikii sana. Jibu hilo ni pungufu. Utando uliotengenezwa bila kiolezo hutofautiana na wenye chapa kwa unene, kwa vinyweleo na kwa eneo la uso, wala si kwa matundu peke yake. Tofauti ya mwitiko kati yao inaweza kutokana na lolote kati ya hayo. Jaribio la pili linaloaminiwa, la kukipambanisha kihisi na sumukuvu nyingine kama okratoksini na zearalenoni, ni la lazima, ila washindani hao ni wachache mno. Katika dondoo la unga, aflatoksini haigombei nafasi na okratoksini. Inagombea na mahindi yenyewe.

Namba inayosifiwa

Kikomo cha ugunduzi hukokotolewa, kwa desturi, kwa kuzidisha mkengeuko sanifu wa sampuli tupu kwa 3 na kugawanya kwa mteremko wa mstari wa ulinganishi. Kanuni ni nyepesi na haina ubaya. Ubaya ni mahali sampuli tupu ilipotoka. Mara nyingi ni myeyusho bafa safi, ulioandaliwa asubuhi hiyo kwa maji yaliyochujwa mara mbili. Mkengeuko wa sampuli kama hiyo ni mdogo sana, hivyo kikomo kinachopatikana ni kidogo sana, na tasnifu hutangaza pikogramu kwa mililita, wakati mwingine femtogramu. Jedwali la kulinganisha na kazi zilizotangulia hufuata, na kazi mpya huwa mstari wa mwisho wenye namba ndogo kuliko zote.

Tujiulize namba hiyo inahitajika kwa kiasi gani. Viwango vya Afrika Mashariki kwa mahindi ni mikrogramu 5 kwa kilo kwa aflatoksini B1, na 10 kwa jumla ya aflatoksini zote. Tuseme gramu 25 za unga zimechanganywa na mililita 100 za methanoli na maji. Ikiwa unga una mikrogramu 5 kwa kilo, gramu 25 hizo zina nanogramu 125 za sumu, na sumu ikitoka yote dondoo litakuwa na nanogramu 1.25 kwa mililita. Kwa kuwa uzito wa moli ya aflatoksini B1 ni takriban gramu 312, huo ni mkolezo wa nanomola 4 hivi. Kihisi chenye kikomo cha pikomola 1 kinaona kiasi ambacho ni sehemu moja ya 4,000 ya kile sheria inachokiuliza.

Mtu aweza kuhitimisha upesi kwamba ushindani wa kushusha kikomo ni bure kabisa. Mimi sikubaliani na hitimisho hilo. Kikomo cha chini kina thamani moja kubwa: kinamruhusu mpimaji kuzimua. Dondoo la nanogramu 1.25 likizimuliwa mara 100 hubaki na pikogramu 12.5 kwa mililita, yaani pikomola 40 hivi, na wakati huohuo mafuta, protini na rangi za mahindi nazo hupungua mara 100. Kihisi chenye nguvu ya kuona hata baada ya uzimuaji huo kinaweza kukwepa sehemu kubwa ya usumbufu wa unga. Hiyo ndiyo hoja ambayo ingehalalisha pikogramu, lakini ni nadra kuiona ikitolewa. Namba inatajwa kama rekodi ya mbio, bila kuonyeshwa inamnunulia nini mpimaji.

Kuna pia suala la lugha ambalo sisi tunaoandika kwa Kiswahili tunaweza kulitatua vizuri kuliko tunavyofanya sasa. Kugundua kitu ni kujua kwamba kipo. Kukipima ni kusema ni kiasi gani. Kikomo cha ugunduzi hujibu swali la kwanza tu, na kwa desturi kikomo cha upimaji huwekwa kwenye mkengeuko mara 10, si mara 3. Sheria inayotaja mikrogramu 5 inataka kupimiwa. Tasnifu inayotafsiri yote mawili kuwa “kubaini” inamwondolea msomaji uwezo wa kuona ni swali lipi lililojibiwa. Vivyo hivyo neno “usahihi” limebebeshwa maana mbili, ukaribu wa jibu na ukweli, na ukaribu wa majibu yanayorudiwa. Kihisi kinaweza kurudia kosa lilelile mara 10 kwa uaminifu mkubwa. (Kuhusu “sensa” badala ya “kihisi”, niseme tu kwamba msomaji wa magazeti atadhani watu wanahesabiwa.)

Mahindi hujibu

Upungufu mkubwa kuliko yote niliokwisha kuutaja uko katika sura inayoitwa, kwa matumaini, upimaji wa sampuli halisi. Utaratibu wake hufanana kutoka kazi moja hadi nyingine. Unga hununuliwa dukani, dondoo hutengenezwa, aflatoksini ya chupani huongezwa kwa viwango vitatu, kihisi husoma, na asilimia ya sumu iliyorejeshwa huwa kati ya 90 na 110. Sura hufungwa.

Sumu iliyoongezwa kwenye dondoo haijapitia jambo lolote ambalo sumu ya kweli imepitia. Sumu ya kweli ilitengenezwa na kuvu wa Aspergillus flavus ndani ya punje, ikakaa humo kwa miezi, na sharti itolewe kwa kiyeyushi. Kuongeza sumu baada ya kutengeneza dondoo ni kuiruka hatua inayoweza kuleta upotevu. Pia, dondoo linalotumika huwa la unga mmoja, kwa kawaida sembe nyeupe iliyokobolewa. Sembe imeondolewa pumba na kiini, ambako ndiko kwenye mafuta mengi na asidi ya feruliki, kiambata kinachooksidishwa kwa urahisi kwenye elektrodi. Kaya nyingi za vijijini hula dona. Kihisi kilichojaribiwa kwa sembe pekee hakijajaribiwa kwa chakula cha watu kinaodai kuwahudumia.

Kuna zeini pia. Hii ndiyo protini kuu ya akiba katika punje ya mahindi, na tabia yake inajulikana: haiyeyuki katika maji matupu, lakini huyeyuka katika mchanganyiko wa alkoholi na maji, jamii ileile ya viyeyushi inayotumiwa kutoa aflatoksini. Dondoo likizimuliwa kwa bafa, alkoholi hupungua, na zeini huelekea kuganda na kutafuta uso wa kujishikiza. Viwandani zeini huthaminiwa kwa sababu hiyohiyo: hutengeneza utando mzuri, hutumika kufunika vidonge na peremende. Mtafiti ametumia wiki nyingi kujenga polima nyembamba yenye matundu, kisha anaitumbukiza katika myeyusho wenye polima nyingine iliyo hodari wa kufunika nyuso. Ikiwa kihisi chake husoma kuziba, zeini itasomwa kama aflatoksini, na lori la mfanyabiashara asiye na hatia litageuzwa. Jaribio la kuichunguza hofu hii ni rahisi mno: zeini safi huuzwa na maduka ya kemikali, na ingetosha kuiongeza katika bafa bila aflatoksini yoyote na kutazama mkondo. Jaribio hilo lilistahili kuwa la kwanza katika orodha ya washindani, kabla ya okratoksini.

Ulinganisho na kihisi cha polima kilichofanikiwa unaonyesha kwa nini jambo hili lina uzito. Hospitalini, potasiamu ya damu hupimwa kwa elektrodi yenye utando wa PVC uliotiwa valinomisini, molekuli inayoikumbatia ioni ya potasiamu na kuikataa sodiamu. Kifaa hicho ni polima, ni cha bei nafuu, na kimefanya kazi kwa miongo kadhaa. Lakini damu husawazishwa na mwili wenyewe: uchachu wake, chumvi zake na protini zake hubaki ndani ya mipaka finyu kwa mtu yeyote aliye hai. Ni kana kwamba mgonjwa ameiandaa sampuli kabla ya kufika maabara. Tena, potasiamu iko humo kwa milimola kadhaa kwa lita, wingi unaoizidi aflatoksini ya dondoo letu takriban mara milioni moja. Unga hauna kiungo cha kuusawazisha. Mahindi ya njano si mahindi meupe, ya msimu huu si ya mwaka jana, na yaliyooza kidogo, ambayo ndiyo hasa yanayotiliwa shaka, yana sukari na asidi ambazo mahindi mazima hayana.

Jokofu

Nimesema kwamba ustahimilivu ndio uliokuwa udhuru wa kuitumia polima badala ya kingamwili. Msomaji atarajie, basi, kwamba sura ya uthabiti itakuwa ndefu. Kwa kawaida ni aya moja, na aya hiyo husema kwamba elektrodi zilihifadhiwa kwa wiki kadhaa katika nyuzi 4 za Selsiasi na mwitiko wao ukabaki juu ya asilimia 90. Nyuzi 4 ni jokofu. Utangulizi ulikuwa umeahidi kifaa kisichohitaji jokofu. Vijistripu vya kingamwili vinavyouzwa sokoni kwa wasagishaji na wanunuzi wa nafaka, ambavyo ndivyo washindani halisi wa kihisi hiki, baadhi yake huhifadhiwa katika joto la kawaida la chumba, hivyo faida inayodaiwa haiwezi kuchukuliwa kuwa dhahiri. Inabidi ionyeshwe: elektrodi zikae ndani ya bahasha kwenye stoo ya mabati mwezi wa Februari, zikae tena wakati wa masika, kisha zisome sampuli zilezile.

Punje moja

Hata kihisi kisicho na dosari yoyote kitasoma kile kilichowekwa mbele yake. Aflatoksini haisambai sawasawa katika gunia. Punje chache huwa na sumu nyingi na zilizobaki huwa safi. Punje za mahindi zenye zaidi ya mikrogramu 400,000 kwa kilo zimewahi kurekodiwa. Punje kama hiyo yenye uzito wa gramu 0.3 hubeba mikrogramu 120. Ikisagwa pamoja na kilo 10 za mahindi safi kabisa, unga wote huwa na mikrogramu 12 kwa kilo na huvuka kikomo. Ikikosekana katika gramu 25 zilizochotwa, jibu ni sifuri. Katika hali hiyo, kushusha kikomo cha ugunduzi kutoka pikomola 10 hadi 1 hakubadilishi uamuzi wowote. Kinachoubadilisha ni idadi ya mahali kibumba kilipopenya gunia, kiasi kilichosagwa, na jinsi kilivyochanganywa. Kemia ya polima haiwezi kulaumiwa kwa hilo, ila tasnifu inayolinyamazia na bado ikadai kumsaidia mwenye gunia inastahili lawama.

Turudi Makueni na Kitui. Uchunguzi uliofanywa wakati wa mlipuko ule, wa sampuli 350 za bidhaa za mahindi kutoka masoko 65, ulikuta asilimia 55 zikizidi mikrogramu 20 kwa kilo, kikomo cha Kenya cha wakati huo, na asilimia 7 zikizidi 1,000. Chombo hafifu, chenye kuona mikrogramu 100 tu lakini kikapatikana sokoni na kuaminika, kingezitambua nyingi kati ya zile mbaya zaidi. Wala makosa mawili ya kihisi hayalingani uzito. Kusema pana sumu mahali isipokuwapo ni hasara ya mazao. Kusema hapana mahali ilipo ni msiba. Viwango vya makosa hayo mawili havimo katika majedwali ya tafiti hizi, ingawa utaratibu wa kuvipata umekwisha kuandikwa. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2014 kuhusu mbinu za uchujaji wa sumukuvu ilitaka sampuli zisizopungua 20 zisizo na sumu na 20 zenye sumu kwa kiwango kinacholengwa, zipimwe kwa siku 5 tofauti, na kasoro ya kukosa sumu iliyopo isizidi asilimia 5. Ni sampuli 40. Mwanafunzi aliyetumia miezi kuchagua idadi ya mizunguko ya volteji inayotoa utando bora angezimaliza kwa wiki moja, akitumia mahindi yaliyochafuka kwa njia ya asili na kuthibitishwa kwa kromatografia, nusu yake yakiwa dona.